Faili la ombi la ruzuku ya maji: wiki moja kati ya Mlima Meru na Moshi

Jumatatu, Usa River na Maji ya Chai

Saa 12:30 asubuhi gari linatoka Arusha mjini kufuata barabara ya Moshi. Nyuma kuna chupa za plastiki za nusu lita, chupa safi za maabara za kipimo cha bakteria, kiboksi chenye barafu, kalamu ya wino usiofutika na daftari. Chupa za kioo hazipakiwi, kwa sababu floridi, madini ambayo yakizidi majini huharibu meno na mifupa, huingiliana na kioo na namba inayotoka maabara inakuwa si sahihi. Fomu ya mfadhili bado haijafunguliwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ombi lililoandikwa kabla ya vipimo huishia kuomba kifaa kisichohusiana na maji ya pale.

Upande huu wa Meru tatizo ni miamba. Mlima ni wa volkano, maji yake yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ikiwa chache, floridi haipati cha kushikamana nacho ili itulie chini, kwa hiyo inabaki imeyeyuka majini. Kwenye maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hufika mamia ya miligramu kwa lita. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania, iliyokuwa ikiruhusu 4, sasa imeshuka hapohapo kwenye 1.5. Maombi ya zamani yaliyonakiliwa bado yanaandika 4, na mkaguzi anayejua mambo huishia ukurasa huo.

Mto wa Maji ya Chai una rangi ambayo kila mpita njia anaiona. Floridi haina rangi, harufu wala ladha. Kisima chenye maji maangavu kinaweza kuwa na miligramu 8 na chenye tope kikawa na 1. Wala kina si dawa: mara nyingi kisima kirefu zaidi hutoa floridi nyingi zaidi, kwa kuwa maji yamekaa na mwamba muda mrefu.

Kwenye kisima chenye pampu, maji yaachwe yatiririke dakika 5 hadi 10 kwanza, la sivyo unapima maji yaliyolala kwenye bomba. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale, ijazwe hadi juu, iandikwe jina la chanzo, tarehe, saa na alama za GPS kutoka kwenye simu. Ya bakteria haisuuzwi; koki inafutwa kwa spiriti au kuchomwa moto, chupa inajazwa ikaachwa nafasi kidogo juu, inaingia kwenye barafu na kufika maabara siku hiyohiyo. Sampuli isichukuliwe kwenye simtanki la shule lililounganishwa na mifereji ya paa, maana hapo umepima mvua.

Msimu nao una neno. Namba ya mwezi wa nne, masika yakiwa yamepamba moto, huwa ya kupendeza kwenye chemchemi na mito. Mwezi wa kumi chanzo kilekile kinaweza kusimulia mengine. Faili lenye uzito lina vipimo vya misimu yote miwili; kama muda hautoshi, kipimo cha kiangazi ndicho cha kwanza.

Jumanne, maabara na mkaa wa mifupa

Chupa zinakabidhiwa maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji mjini Arusha. Kwenye fomu ya maabara usiandike "vipimo vyote", utalipia usivyovihitaji. Taja floridi, pH (kipimo cha uchachu), ukali wa alkali, kalsiamu, chumvichumvi kwa jumla, ukungu wa maji na *E. coli* (bakteria wa kinyesi). Alkali na pH huonekana kama mapambo, lakini ndizo zinazoamua chujio litadumu miezi mingapi. Omba ripoti yenye muhuri na saini. Namba za kifaa cha mkononi zinafaa kwa ufuatiliaji, ila peke yake hazitoshi kwenye ombi.

Hapa ndipo fedha nyingi za wafadhili zimepotea. Kuchemsha hakuondoi floridi, kunaiongeza, kwa sababu maji yanapungua na madini yanabaki. Klorini haiigusi. Chujio la mchanga na lile la udongo wa mfinyanzi hushughulikia tope na vijidudu, si floridi. Alumu na chokaa huiondoa, ila kwa dozi kubwa na tope la kila siku la kutupwa. Mitambo ya kuchuja kwa shinikizo, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba, huiondoa vizuri sana, lakini hutupa sehemu kubwa ya maji yakiwa na floridi iliyokolea, na ng'ombe watayanywa mtaroni pasipo mpango.

Tengeru, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ndiko Dk. Askwar Hilonga alikotengeneza chujio la mchanga na nanoteknolojia lililoshinda tuzo ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza mwaka 2015. Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floridi, na huko mkaa wa mifupa, ambao hunasa floridi, ndio umefanyiwa kazi kwa miaka mingi. Mwandishi wa ombi anayefanya kazi Meru bila kupita sehemu hizi mbili amejinyima ushauri ulio kilomita chache kutoka barabarani.

Mkaa huo ukishikwa kiganjani unajieleza. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, joto la kati ya nyuzi 400 na 550 hivi, kisha inasagwa na kuchekechwa ibaki chenga za nusu milimita hadi milimita 2. Chenga nyeusi ndiyo nzuri. Ya kahawia haijaiva, ina mafuta, na maji yatatoka na harufu ambayo watu hawataisamehe. Nyeupe imeungua kupita kiasi, haina uwezo tena. Vumbi likibaki ndani, chujio linaziba. Chenga zikiwa kubwa mno, maji yanapita bila kuguswa. Mkataba wa ununuzi useme rangi na saizi, si "mkaa wa mifupa, kilo kadhaa".

Sasa hesabu, ambayo ndiyo ombi lenyewe. Tuchukue kisima cha mfano chenye miligramu 8. Kufika 1.5 inabidi kuondoa 6.5 kwa kila lita. Gramu moja ya mkaa, kwa makadirio ya tahadhari, hubeba miligramu 2 za floridi. Maabara huweza kuonyesha zaidi, lakini uwanjani alkali huishusha. Kaya inayotumia dumu moja la lita 20 kwa kunywa na kupikia hula miligramu 130 za uwezo kwa siku, yaani gramu 65 za mkaa. Ndoo ya chujio yenye kilo 10 itakwisha baada ya siku 150 hivi. Miezi mitano. Chanzo kikiwa na miligramu 4 badala ya 8, gramu zinashuka hadi 25 na kilo zilezile zinapita mwaka. Ndiyo maana kutafuta chanzo chenye afadhali ni kazi ya kwanza, na chujio ni ya pili.

Chanzo chenye 2.8 huenda kisihitaji chujio kabisa kama jirani yupo mwenye chemchemi ya 0.4: changanya sehemu 46 za kwanza na 54 za pili, utapata 1.5. Mabomba mawili, valvu mbili, dira mbili za kuhakikisha uwiano. Hakuna cha kununua kila baada ya miezi mitano. Lenga chini kidogo ya hapo, kwa sababu fundi akikaza valvu moja vibaya mchanganyiko unapanda.

Jumatano, mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano unaitishwa na mwenyekiti wa kijiji, mtendaji anaandika muhtasari, na orodha ya waliohudhuria ina majina, jinsia, kitongoji na saini. Mfadhili ataisoma. Majina ishirini ya wanaume na matatu ya wanawake yanamweleza mradi utaendeshwa na nani.

Swali linalostahili kuandikwa neno kwa neno kwenye muhtasari huja hivi:

"Shikamoo mzee mwenyekiti."

"Marahaba mama, karibu useme."

"Hiyo mifupa mnayosema, ikiisha nguvu nani analeta mingine? Maana lile tenki la shuleni mafundi walikuja, wakapiga picha, wakaondoka."

Baba mwingine anataka kujua ni mifupa ya mnyama gani. Lijibiwe hapohapo na liingie kwenye maandishi: ng'ombe tu, kutoka machinjio yanayojulikana, hakuna nguruwe. Wapo waumini ambao hata ya ng'ombe hawaitaki, na wana haki. Kwa kaya hizo andaa maji ya mvua au ya kuchanganya. Mradi ukijengwa kwanza na swali likaulizwa baadaye, nusu ya mtaa itapita mbali na kituo.

Meno ya kahawia hayahitaji maelezo kwa watu wa hapa. Kinachohitaji maelezo ni umri. Floridi huharibu jino likiwa bado linajengeka ndani ya fizi, na meno ya mbele ya kudumu hujengeka zaidi katika miaka mitatu minne ya mwanzo. Mtoto anaanza darasa la kwanza meno hayo yakiwa yameshamaliza kujengeka. Wafadhili wanapenda shule, kwa kuwa kuna uzio, kuna mwalimu mkuu, kuna picha nzuri. Na shule zinastahili, kwa sababu madhara ya mifupa hujikusanya miaka mingi na meno ya nyuma bado yanakuja. Lakini ombi linalosema "tutazuia meno ya kahawia" na kuweka chujio shuleni pekee limekosa shabaha. Kaya zenye watoto wa chini ya miaka minne ziwe mstari wa kwanza, na njia ya kuzifikia ni kliniki ya mama na mtoto, ambako kadi tayari zina tarehe za kuzaliwa.

Jambo jingine ni magadi. Kwenye makande na maharage huwekwa ili yaive haraka, na magadi yanaweza kuwa na floridi nyingi. Kaya inaweza kuchuja maji kwa uaminifu ikairudisha floridi kwenye sufuria. Mstari mmoja wa bajeti wa elimu ya mapishi, kuloweka maharage usiku kucha badala ya kutia magadi, ni wa bei ndogo na nadra uonekane kwenye maombi.

Kabla ya watu kutawanyika: eneo la kituo cha kuchotea maji. Aliyetoa ardhi asaini, mke au mume wake asaini, majirani wa mipaka minne washuhudie, mtendaji apige muhuri, mchoro wenye vipimo uambatishwe. Ruzuku nyingi haziruhusu kununua ardhi, kwa hiyo eneo lenye mgogoro linaua faili zima.

Alhamisi, Moshi

Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko Moshi, na mito ya kusini mwa Meru humwaga kwenye bonde hilo. Kibali cha kutumia maji kinatolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kisima kipya kinahitaji kibali cha kuchimba kabla ya mtambo kufika, si baada. Peleka alama za GPS, lita kwa siku, matumizi na barua ya kijiji. Kama kibali hakijatoka siku ya kutuma ombi, ambatisha risiti ya maombi yake. Kukaa kimya kuhusu kibali ndiko kunakotia shaka.

Ukiwa huku, angalia tofauti. Moshi mjini hunywa chemchemi za Kilimanjaro kama Nsere na Shiri. Kwenye vijiji vya mteremkoni shida ya mifongo ya Wachagga, yaani mifereji yao ya asili ya maji, ni vijidudu: maji yanapita migombani, zizini, chini ya vyoo. Anayenakili ombi la Meru kulipeleka Kibosho ataomba mkaa wa mifupa mahali panapohitaji kulinda chanzo na klorini.

Klorini nayo ina hesabu. Tenki la lita 5,000, dozi ya miligramu 2 kwa lita, ni gramu 10 za klorini. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 unapimwa gramu 15 na kidogo. Baada ya nusu saa masalio yawe kati ya 0.2 na 0.5. Maji yenye tope la zaidi ya 5 kwenye kipimo cha ukungu huweza kula dozi yote na vijidudu vikabaki, kwa hiyo yatulizwe kwanza. Unga ulioachwa wazi stoo hupungua nguvu. Mhudumu anapima gramu zilezile, masalio yanasoma sifuri, na lawama zinaangukia pampu.

Ijumaa, nani anapelekewa nini

Mfadhili huchaguliwa kabla ya bajeti, maana kila mmoja ana kitu asichokilipia.

Ruzuku kubwa za Rotary, mtandao wa klabu za kujitolea duniani, zile za kimataifa, zinataka bajeti isiyopungua dola 30,000, klabu moja ya nchini na moja ya nje, na tathmini ya mahitaji ya jamii iliyofanyika kabla. Arusha na Moshi zote zina klabu. Kazi yako ni kuwafikishia vipimo na muhtasari wa kijiji, wao ndio waombaji. Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi midogo ya jamii; haulipi mishahara wala gharama za uendeshaji, na unataka ankara kifani (proforma) kutoka kwa wazabuni watatu tofauti. Serikali ina Mfuko wa Taifa wa Maji, unaopata fedha kutokana na tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na mlango wa vijijini ni meneja wa wilaya wa RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Kwa Meru, makao makuu ya halmashauri yako Usa River, njiani kabisa.

Hata kama fedha zinatoka ng'ambo, RUWASA asikwepwe. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, skimu za vijijini zinaendeshwa na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii vilivyosajiliwa kwake. Mradi usio na chombo hauna mwenyewe, na barua ya meneja ni karatasi ambayo mfadhili makini huitafuta kwanza.

Kwa shirika lisilo la kiserikali: kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda kabla ya sherehe ya kusaini.

Jumamosi, bajeti

Rudi kwenye gramu 65. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,500 kwa kilo, kila dumu la lita 20 limebeba karibu shilingi 100 za mkaa, kabla ya mhudumu, kipimo wala mlinzi. Kituo cha lita 5,000 kwa siku, madumu 250, hula kilo 490 za mkaa kwa mwezi, sawa na shilingi 735,000. Ukiandika kwenye ombi kwamba dumu litauzwa shilingi 50, mapato ni 375,000. Mkaguzi anayejua kugawanya ataliona shimo hilo kwa dakika moja.

Suluhisho ni koki mbili. Moja ya maji ghafi kwa bei ya kawaida, ya kufua, kuoga na mifugo. Nyingine ya maji yaliyochujwa kwa bei inayobeba gharama yake. Rangi tofauti, na kituo chenye dira kwenye kila koki. Kuchuja maji ya ng'ombe ni kuchoma fedha.

Kwa upande wa vifaa, kilo 500 za mkaa huchukua nafasi ya lita 700 hivi. Maji yakae ndani nusu saa, kwa hiyo yasipite zaidi ya lita 1,400 kwa saa. Lita 5,000 zinahitaji karibu saa nne. Gawa mkaa kwenye matenki mawili yanayofuatana badala ya moja kubwa. La kwanza likichoka, la pili bado linakinga. Unabadilisha la kwanza, kisha unageuza mpangilio lile la pili liwe mbele. Weka koki ya sampuli katikati yao. Bila koki hiyo, ya bei ya chini kuliko mfuko wa saruji, hutajua tenki la kwanza limechoka lini.

Mkaa uliokwisha hauoneshi dalili. Maji yanabaki maangavu, matamu, yenye floridi kama ya kisimani. Kwa hiyo bajeti iwe na kipimo cha kila mwezi, na kama ni kifaa cha mkononi, iwe na dawa zake za mwaka mzima, kwa kuwa huisha muda. Iwe pia na shimo la kufukia mkaa uliochoka, mbali na chanzo. Klorini, kama inahitajika, iingie baada ya chujio.

Kwa shule, paa hushindana vizuri na mkaa. Bati la mita za mraba 200, mvua ya milimita 700, hasara ya asilimia 20, ni lita 112,000 kwa mwaka. Wanafunzi 400 wakinywa lita moja kila mmoja kwa siku 150 za ukame ni lita 60,000. Mvua inatosha, kinachokosekana huwa ni tenki. Simtanki moja la lita 5,000 kwa shule hiyo ni siku kumi na mbili na nusu za kunywa, na bado ndilo linaloombwa karibu kila mahali.

Kodi ya Ongezeko la Thamani iandikwe mstari wake, kwa sababu wafadhili wengi hawailipi. Ankara ya shilingi milioni 118 yenye kodi ndani hugawanywa kwa 1.18, inabaki milioni 100. Wapo wanaotoa asilimia 18 ya 118, wanapata pungufu ya milioni tatu na ushee, na mradi unaanza na pengo. Ankara kifani nyingi hudumu siku 30, wakati jibu la mfadhili huchukua miezi mingi na pampu hupangwa bei kwa dola. Taja tarehe ya kila ankara, kiwango cha kubadilishia fedha kilichotumika, na vifaa gani vitapunguzwa kwanza bei ikipanda. Vipimo vya floridi na mkaa wa miezi kumi na miwili ya mwanzo visiwe kwenye orodha hiyo ya kupunguzwa.